Ndoo za Jumatatu

Morogoro,
6 Novemba 2023

Kwa Bi Saada, mkubwa wetu kwa umri. Kwa Mama Emiliana, mwenyekiti wa kikundi. Kwa Bi Ziada, mweka hazina. Kwa Happiness, mdogo wa wote na mwepesi wa kazi kuliko wote. Na kwa mpwa wangu Radhia, katibu, ambaye najua amesimama karibu na dirisha akiisoma barua hii kwa sauti, miwani imemshuka puani: Assalamu alaikum. Na kwa walio Wakristo, Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni mzima, namshukuru Mwenyezi Mungu. Hapa mawingu hushuka kutoka Uluguru kila alasiri, yakazunguka, yakarudi yalikotoka bila kutoa kitu. Mchana nasoma. Jioni namwagilia bilinganya zangu. Nikichoka na bilinganya nawafikiria ninyi mlioketi uani kwa marehemu baba yangu hapo Itigi mkilisha funza watakaoliwa na kuku wenu, jambo ambalo yeye, muuza chumvi na vitambaa, asingelisadiki hata angeapiwa.

Sasa niingie katika lililonifanya nishike kalamu. Ile chupa mliyompa Rahimu, kijana wetu wa asali anayepanda treni kila mwezi, imefika salama. Nimewamwaga funza wale kwenye sahani nyeupe na kuwatazama kwa lenzi. Kwa umri mlioniandikia, funza wa nzi askari weusi walipaswa kuwa wanene kama punje za mahindi. Hawa ni kama punje za uwele. Na kinyesi cha kuku walichowekewa wamekiacha nusu, ndiyo maana mnalalamika kwamba pipa linanuka.

Naomba mwelewe jambo moja. Funza yule hali peke yake. Ndani ya utumbo wake wamo vijidudu wasioonekana kwa macho, na hao ndio humsaidia kukigeuza kinyesi kuwa nyama ya mwili wake. Vijidudu hao wakifa, funza hubaki mezani bila meno. Na kitu kinachoweza kuwaua ni dawa anayopewa kuku, ile ya kuua vimelea vya magonjwa. Sehemu ya dawa hiyo hupita mwilini mwa kuku na kutoka na kinyesi ikiwa bado ina nguvu. Sisi tuliofanya kazi maabara tunaiita masalia ya dawa.

Kwa hiyo nauliza, na ningependa kila mmoja ajibu mbele ya wenzake: je, kwako kuna kuku wagonjwa wanaotibiwa? Kisha naomba kila nyumba itoe kopo moja la kinyesi, liandikwe jina, Rahimu aniletee.

Msinipigie simu. Jambo la wengi linastahili kusemwa mbele ya wengi.

Ni mimi mlezi wenu, ninayewasikia kwa mbali,
Mselemu

*

Itigi,
4 Desemba 2023

Mjomba wangu,

Shikamoo.

Sisi hatujambo. Mvua imeshuka kwa kishindo na barabara ya Mitundu haipitiki. Paa la chumba alichokuwa akilala marehemu mama linavuja, nimeweka beseni. Wanangu wananisalimu kwa simu kila Ijumaa, kila mmoja kutoka mji wake. Mwezi uliopita nilipewa cheti cha kustaafu ualimu na saa ya ukutani. Nimeitundika sebuleni.

Barua yako niliisoma Jumatatu, wote wakiwepo. Kama ulivyoagiza, nilimwuliza mmoja mmoja. Bi Saada alisema, "Kuku wangu waugue kwa kukosa nini?" Bi Ziada akasema wake wana afya kumshinda yeye mwenyewe. Happiness akadakia, "Mwandikie mjomba wako, Mwalimu, mgonjwa kwangu ni baba watoto tu, na yeye hatoi mbolea." Tulicheka mpaka Bi Saada akashika ubavu.

Mama Emiliana hakucheka. Aliuliza taratibu, "Ina maana anatuuliza kama tunakuletea maradhi nyumbani kwako?" Nikamwambia hapana, ni maswali ya kitaalamu. Akasema, "Sawa," kwa ile sauti yake ambayo haimaanishi sawa.

Jibu basi ni kwamba hakuna kuku mgonjwa. Makopo manne haya hapa, kila moja na jina lake. Mimi sina kuku, kama ujuavyo. Nina mapipa, na uwanja, na wao. Kila Jumatatu mwenye zamu huja na ndoo zake kichwani, wenzake wanafuatana naye, na kazi ya saa moja inachukua siku nzima kwa sababu ya maneno.

Nilikupigia simu mara kadhaa, pamoja na katazo lako. Iliita tu. Siku ya Idi utakuja? Vyumba ni vitano na mimi natumia kimoja.

Mpwa wako,
Radhia

*

Morogoro,
12 Februari 2024

Kwa Bi Saada, Mama Emiliana, Bi Ziada, Happiness na Radhia, kwa mpangilio huo na kwa heshima ile ile: salamu za dini zote mbili.

Nisameheni kwa ukimya. Maji yalichukua tuta la reli, treni zikasimama, na Rahimu akakaa huku na madumu yake ya asali kama mtu aliyesahauliwa harusini. Bilinganya zangu zimeoza kwa mvua. Mimi ni mzima.

Makopo nilimpelekea Lea, binti niliyemfundisha kazi zamani na ambaye sasa ndiye anayekisimamia chumba cha maabara nilichokuwa nikikisimamia mimi. Amepima yote manne kwa uangalifu, na majibu ninayo mbele yangu. Kila kopo lina masalia ya dawa. Tena dawa ya aina moja, ile ya unga wa njano inayouzwa kila duka la pembejeo, na kwa kiasi ambacho hakiwezi kutokana na kuku aliyetibiwa zamani. Ilitolewa karibuni sana kabla ya kinyesi kuzolewa.

Siandiki haya ili kumtafuta mkosaji. Kama lingekuwa kopo moja, ningedhani mtu amesahau. Makopo manne yanaonyesha kuna jambo mnalolifanya wote, pengine kwa nia njema, na ambalo sikuliuliza vizuri. Naomba mnieleze.

Sababu ya kung'ang'ania ni hii. Funza huvunjavunja sehemu ya dawa wanapokula, nao wanastahili kusifiwa kwa hilo, lakini hawaimalizi. Inayobaki hukaa katika ile mbolea wanayoiacha, na humo pia hukaa vijidudu walioionja dawa wasife. Hivyo ndivyo vimelea vinavyojifunza usugu: kidogo kidogo, mahali pasipo mgonjwa, mpaka siku mgonjwa akitokea dawa imekwisha kazi yake.

Nangoja jibu lenu.

Mselemu

*

Itigi,
11 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Kesho, mwezi ukionekana, tutaanza kufunga. Nakutakia Ramadhani njema, na futari yenye mtu wa kufuturu naye.

Barua yako sikuisoma yote. Nilisoma salamu, nikasoma habari za bilinganya, kisha nikaikunja nikasema, "Mengine ni ya ukoo." Happiness akapiga makofi: "Mjomba ameoa!" Wakaanza kubishana utampa mahari gani. Niliwaacha wacheke.

Nikueleze sasa kwa nini. Jumamosi moja, kabla barua yako haijafika, nilipita kwa Mama Emiliana kurudisha chekeche. Nikamkuta anakoroga unga wa njano kwenye vyombo vya maji vya kuku.

"Kuku wanaumwa, Mama Emiliana?"

"Wazima kabisa."

"Na dawa?"

Akanitazama kama nimemwuliza kwa nini anaoga kabla ya kwenda kanisani. "Mwalimu, Jumatatu ni zamu yangu. Nikuletee mavi ya kuku ambaye sijamsafisha? Kwenye nyumba ya watu? Hiyo adabu gani?"

Nikaulizia kwa wengine kwa njia ya mazungumzo. Wote hufanya hivyo. Bi Saada ndiye aliyeanza, mwaka juzi, kuku wake walipoharisha wiki ya zamu yake. Aliona haya kuja na ndoo za namna ile, akawapa dawa kwanza. Wenzake wakaona huo ndio ustaarabu. Siku hizi anayekaribia zamu huwanywesha kuku wake dawa siku mbili tatu, wakiwa wazima, ili anachoniletea mimi kiwe safi. Hata kabla ya kujaza makopo yako walifanya hivyo hivyo. Siku nyingine zote hawawapi hata tone.

Umeona, Mjomba? Wewe uliuliza kama kuna kuku wagonjwa wanaotibiwa. Hawakukudanganya. Swali lako lilitafuta ugonjwa, na kwao hii ni heshima, tena heshima wanayonipa mimi.

Sasa unataka nisimame mbele yao niseme kwamba heshima yenu ndiyo inayowadumaza funza, na kwamba mlichokuwa mkiniletea kichwani juani kina sumu yake? Mama Emiliana aliacha kwaya kwa sababu mwalimu wa kwaya alimwambia apunguze sauti. Hakurudi. Bi Saada hatagomba. Ataanza kuwa na mgeni kila Jumatatu. Wengine watamfuata. Nami nitabaki na mapipa.

Siku sita za wiki katika nyumba hii nasikia friji likiwaka na kuzima. Sitaki kuongeza ya saba.

Naomba barua zako uzielekeze kwangu peke yangu. Mambo mengine katika ukoo wetu hatuyasemi. Siku ya mazishi ya mama nilikungoja kituoni mpaka treni ikaondoka, na tangu siku hiyo sijakuuliza.

Radhia

*

Morogoro,
15 Aprili 2024

Kwako Radhia, peke yako.

Idi imepita salama. Jirani aliniletea sahani ya pilau, nami nikaila nikiwa nimesimama.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Uliyoniandikia kuhusu desturi ile yamenifundisha kitu ambacho miaka ya maabara haikunifundisha, na nakiri kwamba niliuliza swali kwa mdomo wa ofisi. Nimemwonyesha Lea ukurasa ule. Alicheka kwanza, kisha akausoma tena tangu mwanzo.

Lakini kuna jambo hukuniandikia, na nadhani hukuliandika kwa makusudi. Mbolea inayoachwa na funza inakwenda wapi? Nani anaitumia, na kwa zao gani?

Kuhusu kituo cha treni sitaandika leo.

Mselemu

*

Itigi,
13 Mei 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Mbolea inakwenda kwenye bustani ya mchicha ya Bi Saada. Anaipenda, anasema haijawahi kutokea mbolea kama hiyo tangu azaliwe. Mchicha wake unauzwa sokoni, na fungu la kwanza la kila mavuno huniletea mimi bila kukosa. Ndiyo maana sikuandika.

Sasa na mimi nina swali. Rahimu, ambaye siku zote huiacha mizigo yako kituoni uifuate, safari hii alikukabidhi dumu langu la asali mwenyewe, mkononi. Akarudi akakaa kwenye kiti changu bila kuvua kofia, akasema, "Mwalimu, mzee wako hasikii."

Nikamwambia, uzee.

"Siyo hasikii vizuri. Hasikii kabisa. Nimebisha hodi mpaka jirani akatoka akanionyesha kamba mlangoni. Ukiivuta, kuna kitambaa chekundu kinapepea mle ndani, ndipo anajua kuna mtu. Nikaongea naye, akawa ananitazama midomo. Nilipogeuka kufunga mlango huku naongea, akanijibu kitu kingine kabisa."

Miaka yote hii simu yangu inaita kwako hadi inakatika, Mjomba, nami nikaamini kwamba umetuchoka. Niliwaambia hata wanangu: mzee wa Morogoro ana barua nzuri, lakini moyo wake haupo huku. Ukasema jambo la wengi lisemwe mbele ya wengi, nikaona ni majivuno. Ulikuwa huwezi tu kunisikia.

Tangu lini? Na kwa nini nimwulize muuza asali?

Radhia

*

Morogoro,
3 Juni 2024

Radhia, mwana wa dada yangu,

Leo sina habari za hali ya hewa.

Mwaka ule niliowaambia kwamba nimehamishiwa kaskazini kikazi, nilikuwa nimelazwa hospitali. Nilikuwa na kifua kikuu. Nilikunywa dawa za kawaida nikazimaliza zote, kama mtu wa maabara anavyopaswa, na ugonjwa ukabaki palepale, kwa sababu vimelea nilivyoambukizwa vilikuwa vimeshazizoea dawa hizo kabla havijafika kwangu. Nilikohoa mpaka nikawa sijitambui kwenye kioo.

Ikabidi nichomwe sindano za aina nyingine, kila siku, kwa miezi. Daktari aliniambia waziwazi kwamba zinaweza kuchukua masikio. Nilitia saini. Kwanza ulikuja mluzi usiokatika, nikidhani ni birika jikoni. Kisha sauti za wanawake zikaanza kupotea, baadaye za wanaume, na mwishowe hata mluzi wenyewe ukaniacha. Nilipona. Nasema hivyo kwa shukrani kamili: nilipona.

Ujumbe wako kwamba mama yako amefariki niliusoma nikiwa kitandani. Wakati ule nilikuwa bado naweza kumwambukiza mtu, na hawakuniruhusu kutoka nje ya uzio. Nikakujibu siku kadhaa baadaye kwamba nilikuwa nimebanwa na kazi. Niliona afadhali mniite mtu mgumu kuliko mje kunitazama mkiwa mmefunika pua. Nilidhani nitaeleza baadaye, nikipata nafuu. Nafuu ilipokuja, ilikuja bila masikio, na kila mwaka uliopita ulifanya maelezo yazidi kuwa mazito. Barua ndizo zilizoniokoa. Katika barua mimi bado ni mtu anayezungumza na watu.

Sasa nisieleweke vibaya. Kifua changu hakikuugua kwa sababu ya kuku wa mtu yeyote, na ukisema hivyo barazani utakuwa umesema uongo. Wala sitaki Bi Saada autazame mchicha wake kama adui. Auoshe na aupike vizuri, na mbolea ile aiache kwanza. Ninachokijua kwa mwili wangu ni kitu kimoja. Nimelala kitandani dawa ikiingia ndani yangu, dawa halali, ya kipimo halali, na hakuna kilichotokea. Sijawahi kuogopa kitu kama hicho. Kila penye unga wa njano kwenye maji ya kuku mzima, kuna kimelea fulani kinapewa nafasi ya kujizoeza.

Kuhusu woga wako wa Jumatatu sina la kukufundisha. Mimi nilinyamaza ili nisikimbiwe, nikapata nyumba ambayo mgeni wake ni kitambaa kinachopepea. Fanya utakavyoona. Barua hii unaweza kuwasomea yote, au usiwasomee kabisa. Ila ukiamua kuisoma, usiishie kwenye salamu. Safari hii hazimo.

Mselemu

*

Itigi,
24 Juni 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo, tena shikamoo. Nimelia, nimenyamaza, nimelia tena, na hilo tulimalize hapo mpaka tutakapoonana. Chumba cha mama nimeshaziba paa. Ni chako. Mlangoni nitafunga kamba.

Leo nimewasomea barua yako, Afisa Mifugo wa kata akiwepo kwa mwaliko wangu. Sikuruka mstari. Nilipofika kwenye mazishi nikaishusha karatasi, na Bi Ziada akanyoosha mkono akaniambia, "Lete, nikusaidie," akaisoma yeye mpaka mwisho. Kisha nikawasomea na ile ya Februari niliyoikunja. Baada ya hapo nikasimama na kusema yangu. Nayaandika hapa neno kwa neno, kwa sababu hata ungekuwepo usingeyasikia, na nataka uyapate kama walivyoyapata wao.

Nikuambie kwanza yaliyofuata, maana nisipoandika sasa nitayapamba. Walisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza, Mama Emiliana alijifunga khanga yake, akabeba ndoo zake, akatoka. Bi Saada alisema, "Nimesikia," akaondoka na fimbo yake. Bi Ziada akamfuata kumshika mkono. Happiness alibaki kidogo mlangoni, akatazama chini, akasema, "Kwa hiyo hajaoa," nami sikujua kama ni mzaha au ni pole. Chai iko kwenye chupa, haijaguswa. Yatakayokuja sijui. Haya ndiyo niliyosema:

"Bi Saada, mkubwa wetu. Bwana Afisa Mifugo wa kata, mgeni wetu wa leo. Mama Emiliana, mwenyekiti wangu. Bi Ziada. Happiness. Nawaamkia kila mmoja kwa daraja lake.

"Mmesikia majibu ya makopo. Najua kila mmoja wenu sasa hivi anahesabu moyoni ni mara ngapi amekoroga ule unga, na anajiuliza kama nimemwita hapa kumwaibisha. Nataka niseme wazi mbele ya mgeni. Hakuna aliyenitendea ubaya. Mliwasafisha kuku wenu kwa ajili ya nyumba yangu, kama mtu anavyosafisha sahani kabla ya kumpelekea jirani chakula. Katika maisha yangu ya ualimu nimepewa vyeti na saa ya ukutani. Hakuna aliyenipa heshima kama hiyo.

"Hata hivyo heshima hiyo imewadumaza funza, imebaki katika mbolea, na mbolea iko kwenye tuta la mchicha tunaoula sote. Dawa tunayowapa kuku wazima leo, kesho tutaihitaji wenyewe, au mtoto wa mmoja wetu ataihitaji, na itapita mwilini mwake isifanye kitu. Mjomba wangu ameyaeleza hayo vizuri kuliko nitakavyoweza, na mmesikia yaliyompata, ingawa kwake hayakutokana na kuku.

"Mnaweza kuniuliza kwa nini mimi nilijua tangu Machi nikakaa kimya. Jibu langu si la kitaalamu. Niliogopa msirudi. Nyumba hii ni kubwa na mimi ni mmoja. Mnapokuja Jumatatu mnaona mapipa na kazi. Mimi naona viti vimejaa. Nilipima mchicha wa Bi Saada na viti vyangu, na kwa miezi mitatu nikachagua viti. Nimewaita leo ili nichague vinginevyo, hata kama mtanichukia kwa hilo.

"Kwa hiyo, kwa idhini ya mwenyekiti niliyoomba asubuhi, naye akasema nitangaze mwenyewe, nasema hivi. Kuanzia Jumatatu ijayo, kuku mzima asipewe dawa kwa sababu ya zamu. Kuku akiugua, aitwe Afisa Mifugo, naye yupo hapa na ameahidi kuitika. Dawa itolewe kama atakavyoelekeza, na kinyesi cha banda hilo kisiletwe hapa mpaka yeye aseme muda umetosha. Mbolea iliyopo isitoke uani. Tutairundika, tutaifunika na kuigeuza mpaka apite aikague, na Bi Saada, naomba radhi, tuta lako litapumzika msimu huu. Funza walio kwenye mapipa hawatakwenda kwa kuku wa mtu yeyote.

"Na mwenye kuku waliopewa dawa, kwa sababu yoyote ile, siku ya zamu yake aje na ndoo tupu. Sisemi abaki nyumbani. Aje nayo kichwani, kama kawaida, aiweke hapa uani mbele ya wenzake, na hakuna atakayemwuliza kuku wake wana nini. Ndoo tupu itahesabiwa kuwa imejaa, na mgawo wake wa kikundi atapata sawa na wengine. Wiki hiyo funza watakula pumba na maganda kutoka jikoni kwangu.

"Nafahamu kwamba Jumatatu ijayo, zamu iwe ya nani, ndoo zitakuwa tupu, kwa kuwa sote tunajua kwamba kinyesi kilichomo katika kila banda bado kina dawa za zamu zilizopita. Njooni nazo hivyo hivyo. Huo ndio uamuzi, na hautapigiwa kura kwa mikono. Kila mmoja aujibu kwa kuja."